Gari la Mazishi Linapogoma

Madereva wengi hujisifu kwa mwendo. Huyu alijisifu kwa kutokuwa nao. Alikuwa dereva wa gari la mazishi, mtu mrefu mwenye shingo nyembamba na viatu vinavyong'aa kuliko vya bwana harusi, na mji mzima ulimwita Taratibu, pamoja na mkewe, pamoja na watoto wake mwenyewe wakishahakikisha yuko mbali. Jina halikumuudhi. Alikuwa na uwezo wa kulitoa jeneza hospitalini, kulipitisha sokoni, kulipandisha mlima wa shule na kulifikisha makaburini bila ua hata moja kudondoka kutoka juu yake. Ukimsifu kwa hilo alikuambia ni kazi tu kama kazi nyingine, kisha akakusimulia kwa saa nzima jinsi inavyofanywa.

Kazi yenyewe ilikuwa mguuni. Kwenye mji ule wafiwa hushuka sokoni na kutembea mbele ya gari mpaka makaburini. Wazee hutangulia kwa heshima yao, na kwa kuwa wazee ndio wenye magoti mabovu, msafara wote huenda kwa kasi ya goti bovu kuliko yote. Nyuma yao lazima awepo mtu mwenye mguu unaojua kukanyaga bila kukanyaga. Mtu huyo alikuwa Taratibu, na hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala kuitaka.

Kampuni ya mazishi ilikuwa ya mama mmoja mwenye sauti nene na subira nyembamba, ambaye wafanyakazi wote walimwita Bosi. Gari lake la zamani lilikuwa likikohoa kuliko wagonjwa, ndipo siku moja akapiga moyo konde akanunua jipya, jipya kabisa, kwa wakala wa magari aliyekuwa karibu na benki. Lilikuwa jeusi, refu, lenye vioo vikubwa na kiyoyozi cha kumfaa marehemu na walio hai. Meneja wa wakala, bwana mpole mwenye suti iliyomkaa vizuri na manukato yaliyotangulia mlangoni kabla yake, alimkabidhi Taratibu funguo kwa mikono miwili. Taratibu alizipokea naye kwa mikono miwili. Alilala usingizi mzuri usiku ule.

Mara ya kwanza gari lilimbeba bibi mmoja aliyekuwa mchuuzi wa mkaa. Jua lilikuwa kali, kiyoyozi kinavuma, wazee wanachechemea mbele. Walipofika katikati ya mlima wa shule, Taratibu akakanyaga mafuta kidogo, na gari likawa kama limesikia lakini halijaamua kujibu. Nguvu zikakata ghafla. Taa zote za dashibodi zikawaka, hata zile ambazo hakuwahi kujua kuwa zipo, halafu injini ikanyamaza. Akavuta breki ya mkono. Akageuza ufunguo. Kimya. Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusimama njiani na marehemu, na sasa alihisi jasho likimtiririka mpaka ndani ya vile viatu vyake vizuri.

Dada wa marehemu alirudi nyuma kutoka mbele ya msafara, akainama dirishani.

"Kulikoni, mwanangu?"

"Nguvu zimekata, mama. Gari limezimika."

"Halijazimika," alisema yule bibi kwa utulivu wa mtu aliyeishi na marehemu nyumba moja. "Namjua dada yangu. Amegoma."

Neno likatoka hapo likapita msafara mzima haraka kuliko gari lolote. Wana wa marehemu wakaitwa, wakasimamishwa nyuma ya gari, wakaambiwa waseme walilo nalo moyoni. Wa kwanza akasema kwamba ile nyama iliyopotea walipokuwa wadogo hakuila paka. Wa pili akakiri kuwa zile Jumapili zote alizomwambia mama yake ameitwa kazini, alikuwa nyumba ya tatu kutoka pale akitazama mpira. Wakalia, wakakumbatiana, shangazi zao wakawapiga mgongoni. Taratibu akageuza ufunguo tena kwa kukata tamaa tu, na gari likawaka. Msafara ukapiga vigelegele, jambo lisilofaa kabisa mazishini.

Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Gari lile lilikuwa na tabia yake: likishapumzika kiasi, linawaka lenyewe. Na muda wa mapumziko yake, kwa bahati mbaya, ulikuwa sawasawa na muda ambao familia ya kawaida yenye makosa ya kawaida huutumia kutubu. Taratibu alijaribu kulieleza hilo. Nani wa kumsikiliza? Watu wakishapata maelezo matamu hawataki ya kweli.

Mara ya pili lilizimikia kwenye mzunguko wa katikati ya mji likiwa na fundi cherehani. Magari yakapiga honi pande zote. Askari wa usalama barabarani akaja mbio, mkono mmoja juu, uso umekunjamana, akauliza nani mwenye gari hili. Mjane wa fundi akamweleza kwamba mume wake amegoma, wanasubiri mwenye jambo aseme. Askari akatazama jeneza kupitia kioo. Kisha akavua kofia polepole.

"Fundi," akasema, "mwaka juzi nilikusimamisha na baiskeli yako nikasema haina kengele. Kengele niliiona. Nisamehe, ndugu yangu."

Gari likawaka. Askari akaweka kofia kichwani na kuzuia magari ya pande zote mpaka msafara ulipopita, huku amesimama wima kama anamsindikiza waziri. Kuanzia siku ile hakuna aliyeweza kuuambia mji ule habari ya injini.

"Nimemwona polisi akitubu hadharani," alisema muuza magazeti wa pale kwenye mzunguko. "Sasa wewe nenda kaniletee pampu, bomba, sijui plagi. Pampu gani inamtubisha polisi?"

Taratibu alilipeleka gari kwa wakala. Fundi wa wakala, mwenye ovaroli safi isiyo na doa la grisi, akachomeka waya chini ya usukani, akatazama kompyuta, akasema kompyuta haioni kitu. Taratibu akaomba walijaribu barabarani, polepole, na mzigo. Wakapakia magunia ya mchanga mahali pa jeneza, wakatoka. Lakini huwezi kuwaambia mafundi waende kama waliofiwa wakati hawajafiwa. Walipopita benki tu walikuwa wanakimbia kama wamechelewa chakula cha mchana, na gari halikuzimika. Wakarudi wakicheka, mchanga umemwagika kila mahali.

Meneja akamkaribisha ofisini, akampa kiti na maji baridi.

"Mzee wangu," akasema, "gari ni zima. Tatizo ni uendeshaji. Unalinyima pumzi. Injini hii haikuundwa kwenda polepole kiasi hicho."

"Sasa niwe nakimbiza maiti?"

"Sisemi hivyo. Nasema mguu wako ni mzito kwenye breki na mwepesi kwenye mafuta."

"Kiwanda kinasemaje?"

Meneja alipanga kalamu zake mezani, ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Kiwanda kinasema hakijapata malalamiko kama hayo kokote duniani."

Taratibu alitoka pale akitazama mguu wake wa kulia. Hilo ndilo lililomuumiza. Kuambiwa gari ni bovu angevumilia. Kuambiwa marehemu wanamgomea angecheka, akizoea. Lakini mguu ule ndio uliomsomeshea watoto, ndio uliosifiwa na wajane waliokuwa hawana nguvu ya kusifu kitu kingine siku hiyo. Nyumbani alikaa kitandani, akauvua kiatu, akaukanyagisha hewani mara kadhaa mkewe akimwangalia kutoka mlangoni.

"Unafanya nini?"

"Nautazama kama umekuwa mzito."

"Wewe mzima kweli?" Mkewe akaja akakaa karibu naye. "Mguu huu naujua. Hata ukinikanyaga usingizini huwa siamki."

Taratibu akacheka kidogo, kwa shingo upande. Halafu akamuuliza, kwa utani wa mtu mwenye wasiwasi, "Na wewe, siku nikibebwa mimi humo ndani, una lolote la kukiri?"

"Subiri ufe," alisema mkewe akisimama kwenda jikoni. "Utasikia hapo mlimani."

Biashara ikaanza kwenda mrama kwa namna ya ajabu. Wenye siri, na nani hana siri, hawakulitaka gari la Bosi. Lakini aliyekodi gari la kampuni nyingine, kabla jeneza halijatoka hospitalini, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba ana kubwa analoficha. Kwa hiyo watu hawakuthubutu kulikodi wala kuonekana hawakulikodi. Familia zilikaa vikao virefu visivyo na mwisho. Kuna mzee mmoja aliyeanza kuomba radhi mtaani nyumba kwa nyumba akiwa mzima wa afya, ili mambo yaishe mapema.

Mara ya tatu lilipozimika, Bosi alimwita Taratibu kwenye chumba cha majeneza, mahali alipofanyia mazungumzo yote mazito kwa sababu hapana mtu aliyependa kusikiliza mlangoni.

"Wakala anasema ni wewe," akasema. "Nimewaandikia, nimewapigia, nimeenda mwenyewe. Wimbo ni uleule. Uendeshaji, uendeshaji."

"Bosi, mimi nimekuendeshea miaka mingapi?"

"Ndiyo maana naongea na wewe mwenyewe, sijamtuma mlinzi akutoe getini. Sikiliza. Msafara ujao nakaa mbele na wewe. Likizimika, unanipa funguo papo hapo, nampa shemeji yangu."

Shemeji yake Bosi alikuwa dereva wa lori la mchanga. Kila mtu aliyeishi kando ya barabara kuu alimfahamu kwa vumbi lake. Taratibu aliwaza majeneza yakipanda mlima wa shule chini ya mikono ya mtu yule. Akasema sawa, Bosi, akatoka akaenda kuliosha gari ambalo lilikuwa safi.

Msafara uliofuata ulikuwa wa baba yake meneja wa wakala.

Mzee huyo alikuwa mstaafu wa reli, mtu mkali wa saa na mwaminifu, aliyeugua kwa muda mrefu. Meneja ndiye aliyemuuguza, tena kwa mikono yake. Hilo hata waliomchukia kwa suti zake walilikubali. Inasemekana alitaka gari la kampuni nyingine. Mama yake akakataa katakata. Majirani watasema tunaficha nini? Isitoshe, gari lile meneja aliliuza yeye mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia kila mtu kwamba ni zima. Angetoa sababu gani?

Asubuhi ile, hospitalini, kabla ya kupakia, meneja alimvuta Taratibu pembeni kidogo ya ukuta. Macho yalikuwa mekundu.

"Mzee wangu," akanong'ona, "leo nakuomba, nenda kasi kidogo pale mlimani."

"Na wanaotembea mbele?"

"Tutawaambia wapande mabasi."

"Wazee wa reli wamekuja na sare zao, meneja. Wanataka kumtembeza mwenzao." Taratibu akamtazama. "Kwani kuna nini? Gari si zima?"

Meneja alirekebisha tai yake na kuondoka. Taratibu akabaki amesimama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi hakuutazama mguu wake.

Wakaenda. Bosi alikaa mbele kando yake, mkoba mapajani. Nyuma, kwenye viti vya pembeni ya jeneza, alikaa mjane na wifi yake, yaani dada wa marehemu, wote wawili wakiwa hawawezi kutembea mbali. Meneja na mdogo wake walitembea kando ya gari, kila mmoja na mkono wake juu ya kioo. Wazee wa reli walitangulia na magoti yao. Taratibu aliendesha siku ile kama hajawahi kuendesha. Aliukanyaga mlima wa shule kwa ncha ya kidole gumba, huku anaomba kimoyomoyo, na walipofika katikati, nguvu zikakata.

Taa zote zikawaka. Injini ikanyamaza.

Bosi alinyoosha kiganja chake, kimefunguka, katikati ya viti viwili.

Nyuma, shangazi hakupoteza wakati. Alikuwa ameshasikia habari za gari hili. Akafungua mlango, akawaita wana wa marehemu, akauliza nani aanze. Mdogo akaanza, tena harakaharaka kama aliyefanya mazoezi: ni yeye aliyekuwa akiirudisha nyuma saa ya baba ukutani ili asiulizwe kwa nini amechelewa kurudi nyumbani. Mjane akafuata, akasema ile supu ya daktari alikuwa akiitia chumvi kwa siri, maana mzee alikuwa akimtia huruma. Taratibu akageuza ufunguo. Kimya.

"Bado yupo mmoja," shangazi akasema, na msafara wote ukamgeukia meneja.

"Mimi sina, shangazi."

"Huna?"

"Sina. Nimemuuguza. Nimemwogesha. Mnajua wenyewe."

"Tunajua tunachokiona, baba. Na yeye anajua asichokiona mtu. Ulimkosea nini kaka yangu mpaka akatae kwenda?"

Wazee wa reli walikuwa wamerudi nyuma, wamelizunguka gari, kofia mikononi. Mmoja akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mdogo wake meneja akaondoa mkono kwenye kioo na kusogea hatua mbili mbali na kaka yake, kama mtu anayekwepa kunyeshewa na mvua ya mwingine. Pale mbele, Taratibu alichomoa ufunguo. Ulikuwa na joto la kiganja chake. Akauinua kuupeleka kwenye kiganja cha Bosi.

"Ni pampu," meneja akasema.

"Nani?" akauliza shangazi.

"Pampu ya mafuta. Gari likienda polepole juani kwa muda, na mzigo, pampu inapata joto, inakata mafuta, nguvu zinaisha. Ikipoa linawaka. Baba hajagoma, shangazi. Baba hana neno na mimi." Sauti ilikuwa inampanda sasa. "Ni kosa la kiwandani. Magari yote ya toleo hili yana pampu hiyo. Makao makuu walitupigia simu kabla hata hili halijamaliza mwezi. Wakasema wanatafakari kama wayaite yarudi, na kwa sasa mteja akilalamika, mwambieni ni uendeshaji. Nikasema ni uendeshaji." Akageuka, akamtafuta Taratibu kwa macho kupitia kioo. "Dereva hana kosa. Hajawahi kuwa na kosa."

Mkono wa Taratibu ulibaki hewani na ufunguo. Bosi akakifunga kiganja chake taratibu, akakirudisha kwenye mkoba.

Mjane ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua, ukampakia baba yako humu."

"Ndiyo, mama."

"Na mama zao wale wengine. Na waume zao. Ulijua."

"Nilijua," meneja akasema. Manukato yote yalikuwa yamemwisha, amebaki mtoto wa watu mwenye suti iliyolowa jasho. "Nilidhani litakuwa linawazimikia watu wengine."

Bosi aliteremsha kioo cha upande wake. "Kesho asubuhi nitakuwa mlangoni kwako na hili gari," akamwambia, bila hasira, kwa heshima ya msiba. "Na hayo uliyoyasema hapa utayarudia kwa kiwanda, mbele yangu, kwa sauti hiyohiyo. Mashahidi ninao, wamevaa sare."

Wazee wa reli wakaitikia kwa vichwa. Taratibu alirudisha ufunguo mahali pake na kuugeuza, na gari likawaka, laini, kama halijawahi kumkosea mtu.

"Mnaona?" shangazi akauambia msafara, akifunga mlango wake kwa kuridhika. "Alikuwa anasubiri hilo tu. Twendeni."

Hapakuwa na haja ya kubishana naye, wala hapana aliyejaribu. Meneja akarudisha mkono wake juu ya kioo, mdogo wake akarudi kando yake, magoti ya reli yakatangulia. Taratibu akakanyaga. Alipokaribia kilele cha mlima aliona barabara imekuwa ya maji, akapangusa uso kwa mkono wa shati, ikawa ya maji tena. Katika kazi ile dereva halii. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza kabisa, na alikuwa akiwafundisha wengine. Lakini machozi yalikuja yenyewe na hakuwa na mkono wa tatu wa kuyazuia.

Kutoka nyuma, mkono wa mjane ulipita juu ya kiti ukampa kitambaa, na ukabaki begani mwake.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Kumbe na wewe ulimfahamu?"

"Hapana, mama," Taratibu akasema, akijifuta. "Sikuwahi kumwona."

Mjane hakuuliza zaidi. Mkono ukabaki pale pale begani, na Taratibu akaendelea kumpandisha mume wa mama yule, bila ua hata moja kutikisika.